Nikeli iliyokufa mara mbili: kisa cha bayogesi ya samadi huko Tengeru

Shamba liko juu kidogo ya Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, katikati ya migomba na kahawa. Mwenye shamba ni mama mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa wa kulishia bandani. Mtambo wake wa bayogesi ni ule wa kuba la matofali lililofukiwa ardhini, mtindo uliokuzwa na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, hapa Arusha tangu miaka ya 1980 na kuenezwa zaidi vijijini na mpango wa bayogesi ya kaya ulioanza mwaka 2009. Gesi inapika, inachemsha maji ya kuoshea vyombo vya maziwa, na jioni bado inabaki. Hiyo inayobaki ndiyo iliyowavuta vijana wawili, mmoja amesomea uhandisi wa kemikali na mwingine ni fundi wa mitambo, wakaomba kusimika tanuri dogo la umeme nyuma ya banda. Walitaka kuigeuza bayogesi kuwa gesi sanisi.

Bomba lao la kwanza, lililojazwa kichocheo cha nikeli, yaani metali inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kuliwa, lilikufa siku ileile lilipoonjeshwa gesi ya shamba. La pili liliishi zaidi, kisha likaziba. Nilipoitwa, walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba nikeli haifai na wameanza kuulizia bei ya rodi (rhodium), metali adimu na ghali. Uamuzi huo ungewatia hasara kubwa, na nawajua wengine wanaoelekea palepale, ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuandikwa chote. Nikeli ile ilikufa kwa sababu mbili tofauti kabisa, na zote mbili zilikuwamo ndani ya gesi kabla haijafika kwenye bomba.

Gesi sanisi ni mchanganyiko wa hidrojeni na kaboni monoksaidi. Viwanda huitumia kutengeneza methanoli, huchukua hidrojeni yake kutengeneza amonia ya mbolea, na huweza hata kuifanya dizeli kwa njia iliyobuniwa Ujerumani na Franz Fischer na Hans Tropsch. Wawili hao ndio pia waliochunguza, mwaka 1928, mmenyuko ambao vijana wetu waliutaka:

CH4 + CO2 → 2CO + 2H2

Kwa mfugaji uzuri wake uko wazi. Bayogesi ya samadi ni methani asilimia 50 hadi 70, na karibu yote iliyobaki ni kaboni dayoksaidi. Jikoni kaboni dayoksaidi hiyo ni mzigo, kwa kuwa haiwaki. Hapa inakuwa malighafi. Ugumu ni joto. Kila moli ya methani, yaani gramu 16, inayogeuka kwa njia hii humeza kilojuli 247. Chini ya nyuzi 640 hivi za Selsiasi mmenyuko hausogei mbele kwa maana yoyote ya kazi, na ukitaka methani iliyo nyingi igeuke, inabidi upande hadi 800 na zaidi.

Hata kwa joto hilo methani ni molekuli ngumu kuivunja. Inahitaji metali ya kuidaka, kuachanisha kaboni yake na hidrojeni, kuikutanisha kaboni na oksijeni, kisha kuiachia. Rodi, rutheni na platini hufanya kazi hiyo vizuri, na si rahisi kujirundikia kaboni. Lakini rodi mwaka 2021 ilipanda kupita dola 20,000 kwa aunsi. Nikeli hufanya karibu kazi ileile kwa bei isiyolingana hata kidogo, na nchi yetu wenyewe inayo ardhini, kule Kabanga wilayani Ngara. Viwanda vikubwa vya dunia vinavyogeuza methani kwa mvuke vinategemea nikeli. Kwa hiyo anayesema nikeli haifai anapaswa kueleza kwanza kwa nini kwa wengine inafaa.

Kichocheo cha vijana kilitengenezwa kwa njia ya kawaida. Chembe za alumina, oksidi ya alumini ambayo ndiyo kibebeo cha nikeli, zililowekwa kwenye maji yenye nitrati ya nikeli, zikakaushwa, zikachomwa hadi nitrati ikawa oksidi, kisha zikapitishiwa hidrojeni kwenye joto kali ili ibaki nikeli tupu. Kazi ilikuwa safi. Kwa gesi za mitungi, methani na kaboni dayoksaidi nusu kwa nusu, bomba lilifanya kazi bila kuyumba. Ndipo wakaunganisha mpira kutoka kwenye kuba.

Kifo cha kwanza

Ndani ya saa chache methani isiyogeuka ilianza kuonekana upande wa kutokea, ikaongezeka, mwishowe gesi ikawa inatoka karibu kama ilivyoingia. Hadi hapo hujui lolote. Kichocheo cha nikeli kina njia tatu kuu za kufa: kutiwa sumu, kuzibwa na kaboni, na chembe zake ndogo za metali kushikamana na kuwa kubwa kwa sababu ya joto. Zote tatu mwisho wake ni methani kupita bila kuguswa. Ukitazama mlango wa kutokea peke yake, vifo vyote vinafanana.

Fundi alikuwa amefanya jambo moja la busara lililookoa uchunguzi mzima. Alipitisha kipimajoto katikati ya bomba kwa namna ambayo kiliweza kusogezwa juu na chini, na alikuwa akiandika kila anachosoma. Mmenyuko unaomeza joto huacha alama: pale methani inapogeuka, kitanda cha kichocheo, yaani zile chembe zilizojazwa bombani, hupoa kuliko ukuta wa tanuri. Katika daftari lake, mwanzoni sehemu yenye ubaridi ilikuwa mlangoni, gesi inapoingia. Baadaye ikasogea ndani, kisha ndani zaidi, na kule ilikotoka joto likapanda likalingana na tanuri. Maana yake pale mlangoni hapakuwa tena na kazi inayofanyika. Kifo kiliingia pamoja na gesi, kikala kitanda hatua kwa hatua kuelekea nje. Muda wote huo maji kwenye manomita, ule mpira wa umbo la U wa kupimia shinikizo ambao mafundi wa bayogesi wote wanaujua, hayakusogea. Hakuna kilichoziba.

Alama hizo zikikutana zinamtaja mtuhumiwa mmoja. Chembe zinazoshikamana kwa joto hudhoofisha kitanda polepole, na zaidi palipo na moto mkali. Kaboni ingeziba njia na kusukuma maji ya manomita. Kinachoanza mlangoni na kusonga mbele kadiri nafasi zinavyojaa ni sumu inayonata, na katika bayogesi sumu hiyo ni salfidi ya hidrojeni, yenye ile harufu ya mayai viza. Ushahidi wa mwisho ulipatikana waliporudisha gesi safi ya mitungi juu ya kitanda kilekile kwa joto la 800: uwezo ulianza kurudi taratibu. Kwa joto hilo salfa huachia nikeli ikipitiwa na gesi isiyo na salfa. Chembe zilizokwisha kushikamana haziachani namna hiyo.

Hesabu yake ni fupi, na natamani kila anayegusa kazi hii aifanye kabla ya kuwasha tanuri. Mita moja ya mraba ya uso wa nikeli hujazwa kabisa na salfa ya takribani mikrogramu 440. Chukua gramu 10 za kichocheo chenye uso wa nikeli wa mita 3 za mraba kwa gramu, kiwango cha kawaida kwa vichocheo vya aina hii. Uso wote ni mita 30, na unajazwa na salfa ya miligramu 13 tu. Sasa tuseme bayogesi ina salfidi ya hidrojeni sehemu 1000 kwa milioni, jambo la kawaida kwa samadi. Kwa shinikizo la hewa la mwinuko wetu huu wa Arusha, lita moja ya gesi hiyo inabeba salfa ya miligramu moja na kitu. Lita 12 zinatosha kufunika uso wote. Kwa mkondo wa mililita 100 kwa dakika, hizo ni saa mbili.

Saa mbili. Kwa gesi ile kichocheo hakikudhoofika mapema, kiliishi umri wake wote. Ukiishusha salfidi hadi sehemu moja kwa milioni, hesabu hiyohiyo inakupa takribani siku 80, na kwa kweli ni zaidi, kwa sababu kwenye joto la juu salfa chache hainati yote. Rodi nayo hudhurika kwa salfa. Wangeinunua, wangeiua kwa gesi ileile, na hasara ingekuwa ya fedha nyingi zaidi.

Dawa waliyoitumia ni ya zamani na inapatikana mjini. Chenga za chuma kutoka karakana ya kukereza ziliachwa zipate kutu vizuri, zikajazwa kwenye vyombo viwili vilivyofuatana. Oksidi ya chuma yenye unyevu hukamata salfidi ya hidrojeni bila moto wowote. Ikichoka unaipa hewa, nayo hurudi kuwa oksidi na kuacha salfa ya manjano. Hatua hiyo hutoa joto jingi, na chombo kilichofunguliwa ghafla kinaweza kuwaka, kwa hiyo hewa hupewa kidogokidogo, nje, mbali na nyasi kavu za ng'ombe. Baada ya chuma waliweka kichujio cha oksidi ya zinki kilichopashwa nyuzi 350 hivi, cha kumalizia mabaki. Kati ya vyombo wakaweka karatasi ya asetati ya risasi, ambayo hubadilika kuwa nyeusi salfidi ikipenya. Karatasi hiyo si ya kuruka. Pua haifai kuwa kipimo: salfidi ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huifisha pua yenyewe, na mtu hudhani hatari imepita wakati ndiyo kwanza imezidi.

Kifo cha pili

Kwa kichocheo kipya na gesi iliyosafishwa, siku ya kwanza ilikuwa ya furaha. Sehemu ya ubaridi ilitulia mlangoni, karatasi ilibaki nyeupe, methani iligeuka vizuri. Kisha maji ya manomita yakaanza kupanda. Yalipanda polepole, baadaye kwa kasi. Usiku mmoja umeme ukakatika, na uliporudi asubuhi bomba halikupitisha kitu. Walipolifungua walikuta chembe zimejaa weusi, nyingine zimepasuka zikawa unga, na kitanda kizima kimeongezeka uzito.

Hapa ndipo vijana walipokata tamaa na nikeli, na nawaelewa. Walikuwa wamefanya lililotakiwa, wakapata ugonjwa mpya. Ila ugonjwa huo ulikuwapo tangu mwanzo, salfa ndiyo iliyokuwa imeufunika. Ili kaboni ijijenge kwenye nikeli inahitaji kundi kubwa la atomi za nikeli zilizo wazi, zilizokaa pamoja. Mmenyuko tunaoutaka unatosheka na kundi dogo zaidi. Salfa ikifunika sehemu ya uso huvunja yale makundi makubwa kwanza. Kampuni ya Haldor Topsøe ya Denmark iliitumia tabia hiyo kwa makusudi katika miaka ya 1980, ikiacha salfa kidogo iliyopimwa kwa uangalifu ili kuzuia kaboni. Wa Tengeru walipoiondoa salfa yote, walimwondoa adui na mlinzi kwa pamoja.

Kwa nini kaboni ijijenge kabisa? Jibu halihitaji mashine, linahitaji kuhesabu atomi. Chukua bayogesi yenye methani 60 na kaboni dayoksaidi 40. Atomi za kaboni ni 60 na 40, jumla 100. Atomi za oksijeni ni 80. Kila kaboni inahitaji oksijeni moja ili itoke kama kaboni monoksaidi. Kaboni 20 hazina mwenzi. Ukiwa na kichocheo bora kuliko vyote na tanuri zuri kuliko yote, kaboni hizo 20 ama zitatoka kama methani isiyogeuka ama zitabaki bombani zikiwa masizi. Kwa gesi ya mitungi waliyoanzia, nusu kwa nusu, hesabu ilikuwa inafunga: kaboni 100, oksijeni 100. Ndiyo sababu majaribio ya mitungi yalipendeza, na ndiyo sababu hayakuwaambia lolote kuhusu gesi ya mama. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika taarifa nyingi za vichocheo: hupimwa kwa mchanganyiko ambao hakuna ng'ombe anayeutoa.

Bayogesi hutoka kwenye kuba na unyevu wake, lakini kwa hali ya hewa yetu mvuke huo ni sehemu tatu au nne tu katika mia. Hautoshi kuziba pengo la 20.

Umeme kukatika kulimalizia kazi. Tanuri lilipoa, gesi haikusimama, kwa sababu kuba linaisukuma kwa shinikizo lake lenyewe bila kuhitaji pampu. Kaboni monoksaidi mbili zikikutana juu ya nikeli zinaweza kugeuka kaboni moja na kaboni dayoksaidi moja, na jambo hilo hupendelea ubaridi. Kwenye nyuzi 800 na kitu halina nguvu kubwa. Kati ya nyuzi 700 na 550 lina nguvu, na hapohapo methani nayo bado ina joto la kutosha kuvunjika ikaacha kaboni. Tanuri linalopoa taratibu usiku, huku gesi ikipita, linatembea katikati ya eneo hilo lote. Kaboni ya namna hii hukua kama nyuzi, na kila uzi hubeba chembe ya nikeli kwenye ncha yake baada ya kuing'oa kutoka kwenye alumina. Ndiyo maana chembe zilipasuka. Unaweza kuichoma kaboni kwa hewa kidogo na nikeli ikaonekana tena, ila kibebeo kilichosagika hakirudi kuwa kizima.

Tiba ya hapa ni mvuke. Kwa zile kaboni 20 zisizo na mwenzi, maji 20 yanafunga hesabu kwenye karatasi: CH4 + H2O → CO + 3H2. Bombani unahitaji zaidi ya karatasi, kwa hiyo tulikubaliana moli moja ya mvuke kwa kila moli ya methani. Oksijeni zinakuwa 140 kwa kaboni 100, na nafasi ya masizi inapungua sana. Ziada hiyo ina gharama yake, kwa sababu kuchemsha maji ni joto jingine.

Na maji gani? Mhandisi alitaka kutumia ya bomba. Kwa Arusha ni hapana. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru yana floridi na chumvi nyingi, na watu waliokulia vijiji vya huku wanaonekana kwa meno yao ya kahawia. Maji hayo ukiyageuza mvuke, chumvi hubaki kwenye kichemsho na nyingine huruka na matone hadi kwenye kichocheo. Walitafuta maji yaliyotoneshwa, kama ya betri za magari, na wakayapima kama yanapitisha umeme kabla ya kuyaamini.

Swali la mama

Siku tuliyokuwa tukifungua bomba la pili mama alikuja na chai, akasimama akitazama ule weusi.

"Shikamoo mama," mhandisi alimwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, gesi hii inanipikia makande mpaka yanaiva. Nyinyi mnaigeuza ili iwe nini?"

Swali hilo linastahili jibu la hesabu, na tulimpa palepale. Kama shabaha ni kupika au kuendesha jenereta, kuigeuza ni hasara. Moli ya methani ikiungua inatoa kilojuli 802. Kuigeuza kunameza 247, karibu theluthi ya hizo. Ni kweli joto hilo halipotei, maana kaboni monoksaidi na hidrojeni zinazotoka zina kilojuli 1050 hivi ndani yake. Lakini lazima litoke mahali. Ukilipata kwa kuchoma bayogesi yenyewe, hata kwa tanuri lisilopoteza chochote, karibu robo ya gesi yako inaishia motoni. Tanuri dogo la nyuma ya banda linapoteza mno, na umeme wa gridi unaolipiwa ni ghali kuliko gesi inayotengenezwa.

Kama shabaha ni methanoli, tazama ukubwa. Ng'ombe kumi wakitoa samadi kilo 15 kila mmoja kwa siku, unapata gesi ya mita 5 hadi 6 za ujazo. Hata ukiigeuza yote bila kupoteza kitu, kwa mchanganyiko wa 60 kwa 40 na maji ya kufunga hesabu, hidrojeni iliyopo inatosha lita 6 au 7 za methanoli kwa siku. Kuzipata kunahitaji kichocheo kingine, cha shaba na oksidi ya zinki, na kukandamiza gesi hadi shinikizo la hewa mara 50 au zaidi. Kompresa ya kazi hiyo inazidi thamani ya ng'ombe wote kumi, na methanoli yenyewe ikinywewa inapofusha na kuua, si kitu cha kuweka kwenye nyumba yenye watoto.

Mama alisikiliza, akasema, "Basi jiko langu msiliguse." Hatukuligusa. Tanuri linapewa ziada ya jioni peke yake.

Sioni kwamba jibu hilo linaua kazi hii. Mahali pa gesi sanisi ya bayogesi ni pale gesi inapotoka nyingi mahali pamoja: kwenye mabaki ya mkonge, kwenye maji taka ya viwanda vya spiriti inayotokana na molasi, kwenye mabwawa ya maji taka ya miji. Huko salfa huwa nyingi zaidi kuliko kwenye samadi, hasa kwa molasi, na anayejifunza leo kwa gramu 10 nyuma ya banda atajua aanzie wapi. Vijana hawa wawili wameelewa kichocheo kwa undani ambao haupatikani darasani, na ningependa wapewe nafasi ya kuufanyia kazi.

Bomba la tatu

Kabla ya kuwasha tena tulibadilisha mpangilio wa usalama, na hapa sikukubali mjadala. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kila mwaka baridi ya Juni na Julai inapoingia Arusha na Moshi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, na wapo wasioamka. Bayogesi mbichi angalau inanuka. Sisi tulikuwa tumeiondoa salfa, maana yake tulikuwa tumeiondoa harufu, kisha tukaijaza gesi ile sumu isiyojulikana kwa pua. Tanuri likahamishwa chini ya paa lisilo na kuta, gesi inayotoka ikawashwa mwali kwenye bomba refu, na kengele ya kaboni monoksaidi ikatundikwa kwa kamba shingoni mwa anayehudumia.

Jambo la pili watu wengi hawalijui. Kaboni monoksaidi ikikutana na nikeli iliyopoa chini ya nyuzi 200 hivi inaweza kutengeneza nikeli kabonili, mojawapo ya sumu mbaya kuliko zote za kazi hii. Kwa hiyo bomba halipoi likiwa na gesi sanisi ndani. Tuliweka vali ya umeme inayojifunga yenyewe umeme ukikatika, na nyingine inayofanya kinyume, inayofunguka na kuingiza nitrojeni ya mtungi. Vali hizo mbili zinazuia kabonili, na zinazuia pia kaboni ya tanuri linalopoa.

Bomba la tatu, kwa nikeli ileile na alumina ileile, limefanya kazi. Sehemu ya ubaridi haikutembea. Manomita ilitulia, hata baada ya umeme kukatika zaidi ya mara moja. Uwezo wake unashuka, lakini kidogokidogo na kwa kitanda kizima, na eksirei ya chembe zilizotolewa inaonyesha fuwele za nikeli zimekua. Hicho ndicho kifo cha aina ya tatu, na kilitarajiwa. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1455, lakini atomi zake huanza kutembea kwa urahisi karibu na nyuzi 590, na sisi tunaiweka 800. Mvuke unaharakisha hilo. Hapa sasa ndipo kichocheo chenyewe kinastahili kulaumiwa na kuboreshwa, na si kwa kununua rodi.

Kuna njia kadhaa. Oksidi ya seri hukopesha oksijeni na kusaidia kufuta kaboni changa. Oksidi ya lanthani na ya magnesi huvuta kaboni dayoksaidi karibu na nikeli. Magnesi ikiungana na alumina inakuwa spineli, kibebeo kigumu kisichobadilika kwa mvuke na kinachoshika nikeli isitembee ovyo. Mimi nachagua hiyo ya mwisho kwanza, kwa kuwa magnesi ni rahisi kupata na haihitaji vifaa vipya. Kundi lijalo litakuwa na nikeli asilimia chache juu ya spineli hiyo, kibebeo kichomwe nyuzi 850 au zaidi kabla ya kutiwa nikeli, kisha kijaribiwe kwa gesi ya mama iliyosafishwa, tangu siku ya kwanza, bila kupitia mitungi ya nusu kwa nusu.